Kiziwi ana mikono na akili: Lubumbashi inangoja nini?

Mjini Lubumbashi habari nyingi zinatembea kwa sauti. Chifu wa mtaa akitaka watu watoke kusafisha mifereji, mtu anapita na megafoni. Bei ya mafuta ikipanda, redio inatangaza mapema asubuhi. Kwenye soko la Kenya, Katuba au Ruashi, muuzaji anaita mteja kwa mdomo, na mteja anabishana bei kwa mdomo. Ndani ya mji wa namna hiyo, mtu aliyezaliwa bila kusikia, au aliyepoteza masikio kwa meninjiti akiwa mtoto, anaishi kama mgeni katika komini aliyozaliwa.

Hata hivyo viziwi wapo na wanafanya kazi. Kuna wanaoshona nguo, wanaotengeneza viatu, wanaosuka nywele, wanaochomelea vyuma, wanaouza makala na unga kando ya barabara. Mteja anaonyesha picha ya nguo, fundi anaandika bei kwenye simu, mteja anatikisa kichwa, na mwisho wanakubaliana. Watu hawa wanalisha watoto, wanalipa nyumba na kuchanga katika likelemba za majirani.

Lakini habari zao zinatoka mara moja kwa mwaka, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Siku hiyo kunakuwa na hotuba, gunia la mchele na picha pamoja na viongozi. Tarehe 4 Desemba maisha yanaendelea kama zamani. Kutoa mchele si dhambi, na mwenye njaa hakatai chakula. Ila ukifuatilia kazi ya viongozi viziwi wa Afrika kwa miaka zaidi ya 30 iliyopita, madai yao ni mengine: shule yenye lugha yao, kazi yenye mshahara, na kiti mahali pesa zinapogawanywa. Jimbo la Haut-Katanga lina sababu za kuwasikiliza, na uwezo linao.

Kiziwi aliyeingia bungeni Kampala

Mwaka 1996 bunge la Uganda lilipokea mbunge asiyesikia. Jina lake ni Alex Ndeezi. Alikuwa kiziwi wa kwanza kuingia bunge la nchi hiyo, na mara nyingi anatajwa kuwa wa kwanza katika Afrika. Alikuwa mmoja wa viongozi wa UNAD, chama cha viziwi cha Uganda kilichoanzishwa mwaka 1973. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ndiyo iliyofungua mlango wa walemavu kuwa na wawakilishi wao bungeni, na mwaka 1996 wabunge watano waliingia kwa viti hivyo. Katiba hiyo hiyo inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi.

Ushindi huo haukushuka kutoka mbinguni. Mashirika ya walemavu ya Uganda yalikuwa yameungana tangu mwaka 1987 chini ya muungano mmoja, NUDIPU. Vipofu, viziwi na watu wa viti vya magurudumu hawakwenda kila mmoja kwa mlango wake kuomba msaada. Walikaa pamoja na kuandika madai yao wakati katiba mpya ilipokuwa ikijadiliwa. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka mingi ya vita na haikuwa tajiri.

Ndeezi alipoingia bungeni alifanya kazi pamoja na mkalimani wa lugha ya alama. Hilo peke yake lilikuwa somo kwa taifa. Aliyekuwa akifikiri kwamba kiziwi hana la kusema alimwona akijadili sheria mbele ya mawaziri. Na mlango haukuishia Kampala. Sheria ya serikali za mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 inataka kila baraza liwe na wawakilishi wawili wa walemavu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kwa hiyo mama kiziwi wa kijijini ana mtu wa kumfikia karibu na nyumbani, bila kusubiri waziri apite.

Upande wa kazi, serikali ya Uganda ilianza katika mwaka wa fedha 2009/2010 kutoa fedha maalumu kwa vikundi vya walemavu ili waanzishe biashara. Walemavu wenyewe wamesema mara nyingi kwamba fedha hizo ni kidogo na hazimfikii kila mtu. Wana haki ya kulalamika. Tofauti ni kwamba wanalalamikia kitu ambacho kimeandikwa ndani ya bajeti ya nchi, na wana wabunge wa kuuliza pesa zimekwenda wapi. Huko Lubumbashi, kiziwi akikosa msaada hajui hata amuulize nani.

Nchi nyingine za jirani zimefuata njia yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua lugha ya alama ya Kenya, na inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kama lugha rasmi za bunge. Afrika Kusini, nchi ambako magari mengi makubwa yanayopita Kasumbalesa yanatoka au yanakwenda, ilimpeleka bungeni Wilma Newhoudt-Druchen, mwanamke kiziwi, mwaka 1999. Mwezi wa Julai 2023 lugha ya alama ya huko ikawa lugha rasmi ya 12 ya nchi. Bidhaa za Afrika Kusini zinafika Lubumbashi kila siku. Mfano huu nao ungefaa kuvuka mpaka.

Sheria ya Kongo imeandikwa, inangoja watu

Kongo haikosi maandishi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna inayolingana na mahitaji yake. Inaongeza kwamba serikali ina wajibu wa kuhimiza uwepo wa walemavu ndani ya taasisi za taifa, za jimbo na za mashinani. Kifungu hicho kiliagiza sheria maalumu itungwe. Mwaka 2015 nchi ilikubali rasmi Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 serikali ikapata waziri wa kushughulikia walemavu, Mheshimiwa Irène Esambo, mwanasheria ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 sheria iliyoagizwa na katiba ikatangazwa, sheria namba 22/003.

Hesabu ni rahisi. Kutoka katiba hadi sheria ilipita miaka 16. Mtoto kiziwi aliyezaliwa Kamalondo mwaka katiba ilipotoka alikuwa tayari kijana wa kutafuta kazi siku sheria yake ilipotoka. Kama hakupata mwalimu anayejua lugha ya alama katika miaka hiyo, sheria haikumkuta shuleni.

Kuna mfano mwingine wa kuonyesha kwa nini maandishi hayatoshi. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006, kifungu cha 13, iliviomba vyama vikumbuke walemavu wakati wa kuandika orodha za wagombea. Halafu sheria hiyo hiyo ikasema orodha isiyokuwa na mlemavu haitakataliwa. Mwenye chama akisoma hapo anaelewa haraka: akiweka mlemavu ni vizuri, asipoweka hakuna kitakachompata. Uganda ilihesabu viti. Kongo iliomba hisani, na hisani katika siasa inasahaulika siku ya kugawana nafasi.

Hapa ndipo bunge la jimbo la Haut-Katanga lina kazi ya kufanya. Sheria ya 2022 ni ya taifa, lakini utekelezaji wake unaonekana katika shule ya Kampemba, kituo cha afya cha Katuba, ofisi ya komini ya Ruashi. Wabunge wa jimbo wanaweza kumuuliza gavana maswali mepesi: kuna wakalimani wangapi wa lugha ya alama wanaolipwa na jimbo? Walimu wangapi wa shule za msingi wamefundishwa lugha hiyo? Katika bajeti ya jimbo, mstari wa walemavu uko ukurasa gani, na umetolewa kiasi gani? Majibu ya maswali haya yakitangazwa, kila mtu atajua sheria iko mbali kiasi gani na mtaa wake.

Shule ndiyo inayotangulia kazi

Lugha ya alama inayotumiwa na viziwi wengi wa Kongo ina historia. Mwaka 1957 Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, Andrew Foster, alifungua shule ya viziwi mjini Accra, Ghana. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii ya chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi huko Marekani, mwaka 1954. Kwa miaka 30 alizunguka Afrika akianzisha shule, zaidi ya 30 katika nchi 13, na kazi yake ilifika Kongo wakati ikiitwa Zaire. Alifundisha vijana viziwi wa Kiafrika wawe walimu wa viziwi wenzao. Alikufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. Kabla yake, watu wengi walidhani mtoto kiziwi hafundishiki. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyemfundisha kwa lugha anayoiona.

Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure. Wazazi wengi wa Lubumbashi walifurahi, na madarasa yakajaa. Lakini kwa mtoto kiziwi, bure ya namna gani? Anakaa darasani na wenzake wengi, mwalimu anaongea huku akiandika ubaoni na kugeuza mgongo, na mtoto anatazama tu. Anarudi nyumbani na daftari lenye maandishi mazuri aliyonakili, ila haelewi hata mstari mmoja. Baada ya miaka mitatu wazazi wanachoka na kumweka nyumbani kulinda wadogo zake. Shule maalumu zinazojua lugha yake ni chache, na nyingi zimeanzishwa na makanisa na mashirika, ambako mzazi anatakiwa kuchangia. Kwa hiyo mtoto anayesikia anasoma bure, na ndugu yake asiyesikia analipishwa au anabaki nyumbani.

Kuna pia mambo ya ndani ya familia. Mtoto akipoteza masikio kwa sababu ya meninjiti, surua au ugonjwa wa masikio ambao haukutibiwa, baadhi ya watu wanatafuta mchawi badala ya kutafuta daktari na shule. Wengine wanamwita bubu hadi jina lake la kweli linasahaulika. Mtoto asiyezungumzwa naye na mtu yeyote nyumbani anakua bila lugha, na kumfundisha akiwa na miaka 12 ni kazi nzito kuliko kumfundisha akiwa na miaka 3. Mama anayejifunza alama 50 tu za nyumbani, za chakula, maji, maumivu, hatari, pesa, kesho, amemfanyia mwanaye kazi ambayo waziri hawezi kuifanya.

Makuta yapo, swali ni nani anahesabiwa

Wengi watasema: hata wanaosikia hawana kazi Lubumbashi, viziwi watapata wapi? Neno hilo lina ukweli. Vijana wenye diploma wanaendesha pikipiki, na wengine wanachimba shaba na kobalti kwa mikono. Lakini tuweke mezani jambo moja ambalo kila mkaaji wa Katanga analijua: jimbo hili linatoa madini yanayotafutwa na dunia nzima, na madini hayo yanalipa.

Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa kodi ya madini hivi: asilimia 50 inakwenda serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 inakwenda miji, komini, sekta au utemi ambako mgodi uko, na asilimia 10 inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni ya madini inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Kuna vikao ambamo wakaaji wanakaa na kampuni na kupanga miradi: shule, kisima, barabara, kituo cha afya.

Katika vikao hivyo, kiziwi anakaa wapi? Kama hakuna mkalimani, hata akialikwa anakuwa kama kiti. Shule itajengwa, nzuri na ya matofali, bila mwalimu mmoja wa lugha ya alama. Mafunzo ya kuchomelea yataanzishwa, na mkufunzi atamkataa kijana kiziwi akisema ni hatari kwa sababu hasikii mashine. Kwenye karakana kuna kelele hata anayesikia anaziba masikio, na kazi inafanywa kwa macho na kwa ishara za mikono. Katika kazi za namna hiyo kiziwi anaanza sawa na mwenzake.

Watu wa Kongo wanajua tayari kwamba ukimwondolea mlemavu kikwazo kimoja, anafanya biashara. Tangu wakati wa Mobutu, walemavu wa Kinshasa walikuwa wakilipa nauli na kodi ndogo kwenye boti za kuvuka mto kutoka Beach Ngobila hadi Brazzaville. Kwa unafuu huo tu, wengi wao wakawa wafanyabiashara wa kuheshimika. Walivusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, walijenga nyumba, waliajiri watu wenye miguu mizima wawasukumie mizigo. Mwaka 2014, Brazzaville ilipowafukuza Wakongomani wengi na safari za mto zikavurugika, biashara ile ilipata pigo kubwa. Funzo ni la pande mbili. Nafuu ndogo inaweza kumwinua mlemavu haraka. Na nafuu iliyosimama juu ya mazoea bila sheria inaweza kuanguka kwa wiki moja.

Simu nayo imefungua njia. Kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kiziwi anayejua kusoma anapokea pesa na kuona kiasi kwenye ujumbe bila kudanganywa na mtu. Kwa video anaongea na ndugu yake wa Likasi au Kolwezi kwa alama. Lakini akipoteza namba yake ya siri, anaambiwa apige simu ya huduma kwa wateja. Apigeje? Kampuni ya simu inayotuma matangazo kwa maandishi kila siku inaweza kuweka huduma ya maandishi kwa mteja asiyesikia. Na neno la msingi linabaki pale pale: anayejua kusoma. Asiyesoma anamkabidhi jirani simu yake pamoja na namba ya siri, na siku moja pesa zinapotea. Ndiyo maana huwezi kutenganisha uchumi wa viziwi na shule yao.

Risasi hazimngoji asiyesikia

Kwa familia zilizokimbia vita, mambo haya ni ya kufa na kupona. Wakaaji wa Pweto na Mitwaba wanakumbuka miaka ambayo eneo lao liliitwa pembetatu ya kifo. Waliotoka upande wa Tanganyika wanakumbuka mapigano ya Watwa na Waluba. Mji wa Goma ulichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, na familia zikatawanyika, nyingine zikivuka ziwa hadi Kalemie, nyingine zikiendelea mbali zaidi.

Risasi zikianza, anayesikia anajua zinatoka upande gani na anachagua njia. Kiziwi anaona watu wakikimbia, halafu naye anakimbia, nyuma ya wote. Kwenye kizuizi askari anapiga kelele: simama! Asiyesikia anaendelea kutembea, na askari mwenye woga anafikiri anamkaidi. Usiku, mtoto kiziwi hawezi kuitwa gizani. Na familia ikifika salama mahali pa kukimbilia, majina ya kupokea chakula yanasomwa kwa sauti au kwa megafoni. Jina la kiziwi linasomwa mara tatu, hakuna anayeitika, wanaandika kwamba hayupo.

Mkataba ambao Kongo imeukubali una kifungu cha 11 kinachosema walemavu walindwe wakati wa vita na majanga. Kukitekeleza kwenye kambi au mtaa wa wakimbizi wa ndani hakuhitaji mamilioni. Wakati wa kuandikisha familia, mwandikishaji aulize swali moja la ziada: kuna mtu hapa asiyesikia, asiyeona, asiyetembea? Kadi yake iwekewe alama. Orodha ibandikwe ukutani pamoja na kusomwa. Siku ya ugawaji kuwe na bendera ya rangi inayoinuliwa, na jirani mmoja awekwe kumjulisha. Mwanamke kiziwi aliyebakwa apelekwe kituo cha afya pamoja na mwanamke anayejua alama zake, kwa sababu bila hivyo atatibiwa jeraha na maelezo yake yatabaki tumboni.

Mkimbizi kiziwi ana hasara mbili. Kule alikotoka alikuwa na wateja waliozoea alama zake, marafiki viziwi, pengine shule. Mjini Bukavu, kwa mfano, kituo cha Heri Kwetu kimehudumia watoto walemavu kwa miaka mingi, viziwi wakiwa miongoni mwao. Akifika Lubumbashi anaanza upya, hajui viziwi wa hapa wanakutana wapi, na anayempokea hajui kwamba watu hao wapo. Makanisa yana viziwi wanaokuja Jumapili na wakalimani wa kujitolea. Parokia na makanisa ya uamsho yakiwaunganisha wageni hawa na viziwi wa mji, fundi wa Goma anaweza kupata meza ya kushonea kwa fundi mwenzake wa Katuba ndani ya mwezi mmoja.

Yanayowezekana kuanza sasa

Kuna wanaosema nchi iko vitani, ngoja amani ije kwanza. Uganda haikungoja utajiri. Tena vita vinaongeza walemavu: mabomu yanaharibu masikio, watoto wanakosa chanjo ya surua, meninjiti inakosa dawa. Ukingoja amani, idadi inakua.

Wengine wanasema viti maalumu havitoshi, vinaweza kumpa mtu mmoja mshahara na wengine wakabaki njaa. Hilo nalo ni kweli, na wapiga kura walemavu wa Uganda wenyewe wanalijua. Kiti bila chama chenye nguvu nyuma yake kinageuka kuwa pambo. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza iko mikononi mwa viziwi wa Lubumbashi wenyewe pamoja na walemavu wengine: kuungana, kuchagua viongozi wao kwa kura, kuandika madai machache na kuyapeleka pamoja. Anayesikia asiwasemee wakiwa wapo. Awatafsirie.

Kwa upande wa viongozi, jimbo linaweza kuanza kwa kuwalipa wakalimani wachache wa kudumu: hospitali kuu, mahakama, polisi na bunge la jimbo. Mtu akikamatwa na polisi hasikii kosa lake, au akizaa na mkunga hawezi kumwambia asukume, hiyo si huduma ndogo. Chuo kinachofundisha walimu kinaweza kuingiza saa za lugha ya alama. Kila kikao cha miradi ya madini kinaweza kutakiwa kuwa na mwakilishi wa walemavu mwenye haki ya kupiga kura, na sehemu ya mafunzo ya ufundi itengwe kwa ajili yao, ikihesabiwa na kutangazwa. Shirika linalotoa mashine za kushonea limuulize kiziwi kwanza anajua kazi gani, kwa sababu si kila kiziwi anataka kushona.

Kwa wakaaji wa kawaida, kuna mambo ya leo. Mteja aandike bei, asipige kelele sikioni mwa mtu asiyesikia. Mwenye karakana amlipe fundi kiziwi sawa na wenzake kwa kazi ile ile. Likelemba imweke na imwonyeshe daftari la michango kila mkutano. Mzazi ampeleke mtoto kwa daktari sikio linapotoa usaha, na ampeleke shule sikio linapokuwa limeshazimika.

Na redio ina kikomo chake hapa. Habari hii ikisomwa hewani, viziwi ndio wakaaji pekee ambao haitawafikia. Kila aliyeisikia na ana kiziwi nyumbani, jirani au sokoni anaweza kumfikishia, kwa alama, kwa maandishi, kwa simu. Amwambie kwamba sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ni yake, kwamba kiziwi mwenzake alikaa bungeni Kampala, na kwamba ana haki ya kuingia ofisi ya komini yake na karatasi mkononi kuuliza sehemu yake iko wapi. Atakayempokea hapo ofisini naye amtayarishie kalamu.